Jiwe la Amerika ya Kati

Usiku ule Mwalimu Ambakisye alikuja amelowa chapachapa. Mvua ya kwetu Rungwe haina adabu, hata wafu haiwaonei haya. Alisimama mlangoni kwangu na lile koti lake la kaki, mifuko imevimba kwa vipande vya chaki, na begani ameegemeza rula ndefu ya ubaoni. Nilijua kwamba amekufa. Mwaka ulikuwa umepita tangu nilipobeba jeneza lake kwa bega langu mwenyewe, mbele, upande wa kushoto. Lakini ndotoni jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Kilichonisumbua ni kwamba sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki na viatu vyake vilikuwa na tope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Lusekelo. Umeshavaa viatu?"

Nikatazama chini. Nilikuwa peku. Nikaona aibu, aibu ile ya darasa la tano, nikaanza kuhangaika kutafuta viatu chini ya meza, nyuma ya mlango, ndani ya ndoo. Kila kiatu nilichokishika kilikuwa cha mtoto.

Niseme kwanza huyu mtu alikuwa nani, maana bila hivyo ndoto yenyewe haitaeleweka. Mwalimu Ambakisye alitufundisha Jiografia katika shule ya msingi ya kijijini kwetu. Alinifundisha mimi, na miaka mingi baadaye akamfundisha binti yangu Tumpale. Katika maisha yake yote hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi. Alichokipenda kuliko kitu chochote ni volkano, na nadhani ni kwa sababu alizaliwa chini ya Mlima Rungwe na kila asubuhi aliuona akinawa uso. Nyuma ya darasa alikuwa ametengeneza kabati la mbao lenye vijumba vidogo vidogo, na katika kila kijumba kulikaa jiwe moja la volkano, na chini yake kadi. Mawe hayo waliyaleta wanafunzi wake wa zamani. Mmoja alikuwa dereva wa lori la mizigo, akaleta la Nyiragongo. Mwingine alikuwa mpagazi wa watalii, akaleta la Kilimanjaro. Yule aliyeolewa Arusha alileta la Meru.

Ila kulikuwa na utaratibu. Hukuruhusiwa kumkabidhi Mwalimu jiwe na kwenda zako. Hata uwe mtu mzima na ndevu zako, ulisimama mbele ya darasa na jiwe mkononi, ukawaeleza watoto ulikolitoa: ulipandaje, uliona nini, hewa ilinukaje. Kisha watoto wakakuuliza maswali, na maswali ya watoto unayajua. Ndipo Mwalimu aliandika kadi yenye jina lako. "Jiwe lisilo na maelezo ni la kujengea," alikuwa akisema, na sisi tukicheka.

Kijumba kimoja kilikaa kitupu tangu mimi niko darasa la tano. Kadi yake ilikuwa imeandikwa Amerika ya Kati, na karatasi ilishageuka rangi ya chai.

Sasa turudi mlangoni. Mwalimu alichoka kunisubiri nipate viatu. Akageuka akaanza kutembea, nami nikamfuata vile vile peku. Tukapita nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe yaliyobaki tulipojenga msingi. Hapo alipunguza mwendo. Akaliangalia lile rundo, akaniangalia na mimi. Tukapita katikati ya migomba, tukapita kahawa yangu, na ile kahawa ikaendelea na kuendelea mpaka nikagundua kuwa si yangu tena. Imepandwa chini ya miti mirefu nisiyoijua, na wanawake wenye blauzi zilizotariziwa maua wanachuma na kuongea lugha nyingine. Udongo umekuwa mchanga mweusi. Ni wa moto kidogo chini ya nyayo.

Nikapajua. Ni Guatemala.

Nilikuwa nimefika huko kweli, miaka mitatu kabla ya ndoto hii. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kilipata mwaliko, nikachaguliwa mimi na wenzangu wawili kwenda kuona wenzetu wanavyoikausha kahawa yao. Mwalimu alisikia, akaja nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Nyuma ya jalada la daftari alinichorea mstari wa volkano zilizojipanga kando ya bahari, na ziwa katikati, na mji wa zamani ulioangushwa na matetemeko. "Uniletee jiwe moja, mwanangu," alisema. "Dogo tu, la kuenea kiganjani. Halafu uje utusimulie."

Na sasa anapanda mbele yangu, mzee yule aliyekuwa akisimama mara tatu kwenye kilima cha kanisani. Anapanda kama anayekwenda kwake. Anajua njia inapokata kushoto, anajua ni wapi moshi unatoka kwenye nyufa, ananyoosha ile rula na kunionyesha. Mimi ndiye ninayehema. Juu yetu mlima unapumua, na kila unapopumua kokoto zinaporomoka na kutoa mlio wa vigae vinavyogongana. Kuna harufu ya kiberiti kilichozimwa.

"Hivi ndivyo palivyokuwa?" anauliza.

Mbele yetu, pale njia inapoanzia, limesimama basi. Sijui tulishukaje tukarudi chini, lakini tuko chini, na basi ni lile lile la wenyeji wetu, la bluu, lenye rozari iliyoning'inia kwenye kioo. Mwalimu anasogea dirishani na kuziba mwanga kwa viganja ili aone ndani. Nami nachungulia. Kiti cha tatu kutoka nyuma nimekaa mimi, blanketi mpaka shingoni, mdomo wazi, nimelala fofofo.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nane walitutembeza, kwa ukarimu wao tu, baada ya wiki nzima ya kahawa. Volkano asubuhi, ziwa mchana, magofu siku iliyofuata. Wenzangu walipanda. Mimi nilikuwa na mafua kidogo, nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya chakula, na kusema kweli nilisikia baridi, na mtu wa Rungwe akisema amesikia baridi unajua anatafuta kisingizio. Nikawaambia volkano nimezaliwa nayo.

"Tumwamshe?" Mwalimu anauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu ananiona, nilitaka kuvunja kile kioo. Lakini mdomo wangu ukasema yale yale uliyosema siku ile: "Mwache, Mwalimu. Amechoka."

Akatikisa kichwa. Akatoa leso akafuta ukungu aliouacha kwenye kioo, taratibu, kama alivyokuwa akifuta ubao.

Kisha ni ziwa. Hakukuwa na njia ya kufika, lilikuwepo tu, pana na la bluu, na ng'ambo yake volkano tatu zimesimama na mawingu viunoni. Mwalimu amevua viatu na kuvipanga vizuri juu ya jiwe. Amekunja suruali, ameingia mpaka magotini. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, na furaha yake ilinichoma. Nilikaa ukingoni nikaificha miguu yangu.

"Mlima ulilipuka wote, ukajimeza," anasema, akichota maji kwa kiganja. "Ni kama ziwa letu la Ngosi, ila hii ni Ngosi mara mia. Maji yake ya baridi au ya vuguvugu, ulipoyagusa?"

"Sikuyagusa, Mwalimu."

"Na huu upepo unaoanza mchana? Wana jina lake. Walikuambia?"

Upepo ulikuwa umeanza kweli, maji yakavimba ghafla na boti zikaanza kukimbilia ukingoni. Nakumbuka kijana wa kule alilitaja hilo jina, tena akalirudia mara mbili, akaeleza na habari yake. Nilikuwa nimelipa ziwa mgongo, nimeinua simu, nahangaika volkano na uso wangu vienee pamoja kwenye picha. Nilipiga picha nyingi. Katika zote niko mimi.

"Sikusikia," nikasema.

Mwanamke aliyekuwa akifua karibu yetu akainua kichwa na kunitazama kwa huruma. Akasema kitu kwa lugha yake. Mwalimu akaelewa, akamjibu, wakacheka pamoja kidogo, cheko la watu wanaozungumza habari za mtoto aliyelala. Sikuthubutu kuuliza wamesema nini.

Sasa kuhusu jiwe. Jiwe nililikumbuka tukiwa tayari angani, chakula kinagawiwa. Nikajipa moyo kwamba mzee ataelewa, nitamwambia muda haukutosha. Lakini nilipofika nyumbani nikakuta ameshaniulizia mara mbili, na Tumpale, wakati huo yuko darasa la nne, ameshawatangazia wenzake wote kwamba kile kijumba kitupu kinajazwa na baba yake. Akanirukia shingoni akaniuliza liko wapi. Nikamwambia limo kwenye begi.

Alipolala nilitoka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la mawe ya msingi. Mawe yetu ni meusi na yana matundu matundu, nayo yalitoka kwenye volkano. Nikachagua moja la kuenea kiganjani, nikaliosha, nikalifunga kwenye kitambaa chenye maua nilichonunua sokoni kule. Asubuhi nikampelekea Mwalimu mlangoni kwake. Yaani nilimpelekea mtu wa Rungwe, mwalimu wa volkano, jiwe la Rungwe. Hadi leo sielewi nilifikiri nini.

Aliligeuza. Akaligeuza tena. Akalitazama muda mrefu kuliko jiwe lolote linavyohitaji. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Utakuja lini kutueleza?"

"Wiki ijayo, Mwalimu."

Wiki ijayo ikawa miaka miwili. Nilianza kupita njia ya juu ili nisipite shuleni. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mtu niliyempenda kama baba, nilimkimbia kwa sababu ya jiwe. Alipougua nilituma parachichi na sukari kwa mkono wa Tumpale. Siku ya mazishi mjane wake alinishika mkono akaniambia, "Alikuwa anakuulizia, baba. Alisema Lusekelo ana habari za kunisimulia." Nikamwambia pole, mama. Nikaenda kubeba jeneza, kwa sababu kubeba ni rahisi kuliko kusema.

Ziwa limekwisha. Tuko ndani ya kanisa lisilo na paa. Ni katika ule mji wa zamani, ambao matetemeko yaliuangusha na wenyewe wakayaacha makanisa yao vile vile yalivyodondoka. Nguzo nene zimelala chini, majani yameota kwenye madirisha, na juu, pale paa lilipokuwa, unaonekana mlima ukitoa moshi kidogo kidogo. Siku ile nilipofika hapa nilitafuta kivuli nikakaa, na mwenzangu aliponiita nikaone, nikamjibu, "Mawe tu haya. Hata kwetu yapo." Nayasikia maneno hayo sasa. Yanazunguka kwenye kuta, na sauti ni yangu.

Katikati ya kanisa yamepangwa madawati yetu, yale yenye majina tuliyoyachonga kwa misumari. Watoto wamejaa, sweta za kijani, wametulia. Tumpale amekaa dawati la mbele, mikono ameikunja. Ananiangalia kwa ile fahari yake, na sijui niifiche wapi sura yangu. Kabati la mawe limeegemezwa pale palipokuwa na altare.

"Mgeni wetu amefika," Mwalimu anawaambia.

Watoto wanasimama. "Shikamoo, mgeni."

Nasogea mbele. Miguu yangu bado haina viatu, na watoto wote wanaiona. Mwalimu anachukua jiwe kutoka kwenye kijumba chake na kuniwekea kiganjani. Ni zito kuliko nilivyolikumbuka. Nafungua mdomo. Najaribu kukumbuka mlima, nakuta blanketi. Najaribu kukumbuka ziwa, nakuta uso wangu mwenyewe. Watoto wanasubiri, na watoto wakisubiri hawapepesi macho. Nikaanza kulia. Nililia ndotoni kama ambavyo sikulia makaburini.

Mwalimu hakunikemea. Alinisogelea, akaupindua mkono wangu ili upande wa chini wa jiwe uonekane, akaanza kuukwaruza kwa ukucha. Palikuwa na doa la kijivu, dogo, limeshika ndani ya tundu.

"Unaona nini?" akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyotumia nilipokosea ramani.

"Saruji," nikasema.

"Saruji," akaitikia. "Volkano haitoi saruji, Lusekelo."

Hakuna mtoto aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mlangoni." Akalifunika jiwe kwa kiganja chake, juu ya kiganja changu. Mkono wake ulikuwa na baridi ya maji ya ziwa. "Jiwe ningeliokota popote, mwanangu. Nilikutuma macho."

Nikataka kumwambia nisamehe. Neno lilikuwa tayari, liko hapa kooni. Lakini yeye alikuwa ameshageuka anakung'uta chaki kwenye koti, na vumbi la chaki likawa jingi, likawa jeupe, likaanza kudondoka kutoka angani kama majivu, juu ya madawati, juu ya nywele za watoto. Nikamsikia lakini simwoni.

"Mimi nimeshapaona," alisema. "Hao bado. Nenda ukasimame mbele yao, uanze na ukweli."

"Nitawaambia nini, na mimi nililala?"

Alijibu akiwa mbali tayari, kutoka njia ya mlimani. "Waambie ulilala."

Niliamka mkono wa kulia nimeukunja ngumi mpaka kucha zimeniachia alama. Kulikuwa kumekucha. Mvua imekatika, maji yanachuruzika kwenye mabati, na jikoni nasikia mke wangu akipuliza moto. Nilikaa kitandani. Nilijiambia ni dhamiri tu, mtu ana jambo moyoni basi usiku linamtembelea na koti la kaki. Mwalimu hakujua kitu. Alikufa akiamini, na labda hivyo ndivyo ilivyo afadhali. Nikakaa na wazo hilo kidogo, na halikunifariji.

Tumpale alikuwa mezani amevaa sare, anakunywa chai kwa kiporo cha magimbi. Siku hizi yuko darasa la saba, na ni mrefu kuliko mama yake. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake. Moyo ulinidunda kuliko siku niliyokwenda kumchumbia mama yake.

"Tumpale," nikasema, "lile jiwe langu la shuleni."

Akaacha kutafuna.

"Sikulitoa Guatemala. Nililitoa hapa nyuma. Nilimdanganya Mwalimu, nikakudanganya na wewe."

Aliniangalia. Niliisubiri ile fahari ianguke kutoka machoni mwake, na nilikuwa nimejiandaa kuitazama ikianguka. Yeye akashusha kikombe polepole.

"Lile lenye saruji?" akauliza.

Nikakishika kigoda kwa mikono miwili.

"Baba, mbona darasa zima tunajua. Siku ile ile tulipoletewa, Joseline aliiona, akataka kuibandua. Mwalimu akakataza. Alisema tuiache hivyo hivyo, mwenye jiwe akija ataanzia hapo." Akafuta makombo mezani kwa kiganja. "Kila Jumatatu alikuwa anakuwekea kiti."

Nje mtu alipita anaswaga ng'ombe. Nikasikia hata kengele ya ng'ombe ilivyokuwa ikigonga, nikasikia kila kitu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka akili yangu. Miaka miwili, Jumatatu zote hizo, kiti mbele ya darasa, na mimi napita njia ya juu.

"Na wewe," nikamuuliza, "mbona hukuniambia?"

"Alisema tusikuharakishe."

Alisimama, akachukua begi lake la daftari, akalitundika begani. Akasimama mlangoni, mahali pale pale Mwalimu aliposimama, akiniangalia kama mtu asiyejua aondoke au abaki.

"Leo Jiografia mnayo?" nikauliza.

"Kipindi cha pili."

Nikamwambia anisubiri nivae viatu.